Runaway ya The Corrs: ya 1995, rimiksi, au Unplugged?

kaka_wa_bibi_harusi
Wakuu, salaam. Dada yangu ana sendofu mwezi ujao na kang'ang'ania kuingia ukumbini na Runaway, wimbo wa bendi ya The Corrs. DJ ananiuliza, "Ipi?" Kumbe ziko tatu: ya awali ya 1995, rimiksi ya maprodyuza wa Kiingereza Tin Tin Out iliyotoka 1999, na ya MTV Unplugged, shoo ya laivu ya vyombo visivyo vya umeme, mwaka huohuo 1999. Nisaidieni, masikio yangu mimi ni ya singeli.

Mzee wa Kaseti
Ya 1995, wala usihangaike. Ndiyo singo yao ya kwanza. Hawa ni ndugu wa tumbo moja kutoka Dundalk, Ayalandi: Andrea anaimba na kupuliza filimbi ya bati, Sharon fidla, Caroline ngoma, kaka yao Jim gitaa na kinanda. Walimfuata prodyuza David Foster studio huko New York akiwa kwenye kazi ya Michael Jackson, wakampigia laivu palepale. Akawatengenezea albamu, Jim akiwa prodyuza mwenza. Humo fidla inapumua, haijafunikwa na kitu.

tanga_usiku
Shikamoo Mzee, ila hiyo yako kwenye chati ya Uingereza ilikwama namba 49. Tin Tin Out walipoishika ikafika ya 2. Sauti ileile, maneno yaleyale. Watu si viziwi.

Mzee wa Kaseti
Marahaba. Umeruka Dreams ya 1998, wimbo wa bendi ya Fleetwood Mac ambao The Corrs waliupiga upya. Huo ndio uliowafungulia mlango Uingereza. Baada ya hapo wangerekodi hata kuku wao, angeingia kwenye chati.

fidla_na_udi
😂 Mimi napiga fidla kwenye taarab, nitazame miguu ya bibi harusi kwanza. Wimbo huu unahesabiwa moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, kama chakacha iliyolegezwa mwendo. Akijaribu kukanyaga kila pigo atajikwaa na gauni. Akanyage kwenye "moja" tu, hizo mbili zilizobaki ayumbe. Ya 1995 inampa nafasi hiyo. Rimiksi imejazwa midundo ya studio, inamsukuma. Unplugged ndiyo tamu kuliko zote, wana okestra nyuma, lakini ni ya kukaa na kusikiliza. Halafu ina makofi ya watazamaji, MC atadhani ukumbi umeshaanza kushangilia.

Mama Nasra
Samahani, kuna aliyesikiliza maneno? Huyo Andrea anaimba kwamba yuko radhi atoroke na huyo mwanamume. Mnapiga wimbo wa kutoroka mbele ya wazee waliokalia vikao vya mahari?

tanga_usiku
Mama Nasra umemaliza uzi 🙌

kaka_wa_bibi_harusi
Hapo kwenye kutoroka nimecheka peke yangu kwenye daladala. Baba mkubwa Kiingereza cha kuimbwa hakimwingii, tuko salama. Jana usiku nimewapigia mama na dada zote tatu sebuleni. Rimiksi mama kasema "hii ya saluni", ikatoka. Dada kajaribu kutembea na ya 1995 kwa ile hesabu ya fidla_na_udi, kakosea mara mbili, ya tatu kafika hadi kwenye friji bila kuyumba vibaya. Kwa hiyo ya 1995 kuingia, Unplugged wakati wa keki. Mzee, usianze kujisifu.

Mzee wa Kaseti
Nimeshaanza.