Kamera haisomeki kwenye kompyuta ya babu ya Windows 98, naomba ushauri

Mjukuu wa Langoni:
Assalamu alaikum ndugu zangu. Niko Lamu. Babu yangu ana kompyuta ya mezani ya Windows 98, na kila siku baada ya alasiri huketi nayo. Humo ameorodhesha milango ya nakshi ya mitaa ya Mkomani na Langoni, nyumba kwa nyumba, na programu anayotumia inakataa kufunguka kwenye mashine mpya. Nimemnunulia kamera ya mtumba ili atie na picha. Nikichomeka waya wa USB, kompyuta inasema imeona kifaa kipya, kisha inadai diski ya draiva, ile programu ya kuiwezesha kompyuta kuitumia kamera. Kamera ilikuja bila diski. Nifanyeje? Kumwambia aiache mashine hii siwezi, kazi yake yote imo humu.

Fundi wa Malindi:
Wa alaikum salaam. Hakuna kilichoharibika. Windows 98 inaijua USB, ila haina draiva ya vifaa vya kuhifadhia. Hiyo ilianza kuja na Windows Me na 2000. Bofya kulia kwenye Kompyuta Yangu (My Computer), ingia Sifa (Properties). Ukiona Second Edition, ile ya 1999, ipo draiva ya jumla iitwayo nusb. Ipakue kwenye mashine nyingine, ichome kwenye CD. Ondoa kwanza draiva nyingine za USB za kuhifadhia zilizomo. Halafu kwenye menyu ya kamera chagua Mass Storage, yaani ionekane kama diski, si PTP, ile njia ya kuhamishia picha tu.

Bi Mkubwa wa Shela:
Mwanangu, kabla hujagusa draiva yoyote, toa nakala ya kazi ya babu! Diski ya umri huo haiaminiki. Ichomoe, iunganishe na laptopu kwa adapta ya IDE (kiunganishi cha diski za zamani) kwenda USB, unakili yote. Na hilo tundu la USB litazame kwa tochi. Hewa yetu ya chumvi hula shaba. Ukiona ukijani, kompyuta ikiwa imezimwa, sugua taratibu kwa pamba yenye spiriti, kisha uache likauke.

Mjukuu wa Langoni:
Ahsanteni sana. Ni Second Edition. Nakala nimeshatoa, na ukijani ulikuwepo kweli. Draiva imeingia na alama ya diski imetokea, lakini nikiifungua inaniambia kadi haijafomatiwa. Kadi ni ya GB 64.

Fundi wa Malindi:
Usikubali kuifomati hapo! Kadi ya GB 64 huja na exFAT, mpangilio mpya wa kuhifadhi mafaili, na Windows 98 haiisomi. Tafuta ndogo, GB 2 inatosha, uifomati ndani ya kamera yenyewe. Punguza na ukubwa wa picha: USB ya zamani mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde, na picha kubwa itailemea kumbukumbu ya mashine.

Mjukuu wa Langoni:
Imekubali! Picha ya kwanza ni mlango wa jirani. Mfaa wa katikati unaonekana mpaka vitundu vya mchwa. Babu amevaa miwani, ameisogelea skrini, anavihesabu.