Upepo wa V404 Cygni: unazima mwanga au unaufunika tu?

Mtoa mada
Wadau, shimo jeusi la V404 Cygni, umbali wa miaka ya nuru 7,800 hivi, liliwaka Juni 15, 2015 baada ya kimya cha tangu 1989. Wiki mbili tu, mwanga ukaporomoka. Darubini ya mita 10.4 kisiwani La Palma ilikuta gesi ikitoka kwenye sahani yake (duara la gesi inayolizunguka shimo kabla ya kumezwa) kwa kasi ya hadi kilomita 3,000 kwa sekunde. Waliochapisha vipimo hivyo mwaka 2016 walisema upepo huo ndio uliofupisha mlipuko. Mnakubali?

Kaskazi
Nakubali. Kasi yenyewe si ya kukisia, inasomwa kwenye mstari wa heliamu, yaani rangi maalumu ya gesi hiyo, wenye urefu wa wimbi wa angstromu 5,876 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni 10 ya mita). Gesi inayotujia hula mwanga upande wa bluu wa mstari, wenye mawimbi mafupi. Ukingo ukifika 5,817, hiyo ni asilimia 1 ya kasi ya mwanga. Halafu sahani hii ni pana mno, maana nyota mwenza huchukua siku 6.5 kuzunguka. Eksirei za kitovuni zikipasha gesi ya juu ya sahani hadi nyuzi milioni 10, kwa shimo lenye uzito wa Jua mara 9, mvuto huanza kushindwa kuishika kuanzia kilomita 900,000 hivi. Gesi iliyong'oka huko haifiki kitovuni, na eksirei zinatoka kitovuni.

Kusi
Mkuu, chanzo cha upepo sina ubishi nacho, muda ndio unaokukataa. Pengo likitokea nje, kitovu hakipati habari siku hiyo: gesi hutambaa ndani kwa msuguano, wiki hadi miezi. V404 ilikuwa inapanda na kushuka ndani ya saa moja. Bonge la gesi la kilomita 300,000 likikatiza mbele yetu kwa kasi hiyo unayoitaja hupita kwa sekunde 100. Hilo ni pazia.
Tena upepo ulikuwepo 1989 pia, na mlipuko ule ulienda miezi. Na Desemba 2015 kitu kikawaka upya. Ghala la gesi lililofagiliwa linawakaje?

Matlai
Mnabishana bila kugusa spektra, yaani mgawanyo wa mwanga kwa nishati. Pazia jembamba hula kwanza eksirei laini, zenye nishati chini ya kiloelektrovolti 3, na kuacha ngumu, zenye nishati kubwa zaidi. Mtego uko kwenye pazia nene: likifika atomu 1.5 × 10^24 kwa sentimita mraba, elektroni zenyewe hutawanya kila kitu, laini na ngumu hushuka pamoja, na mtu anaandika "ulaji umepungua", yaani shimo linameza gesi kidogo. GRS 1915+105, shimo jeusi jingine, iliwaka mfululizo tangu 1992, ikafifia 2018. Wengi walidhani inazimika. Lakini milipuko ya mawimbi ya redio iliendelea kwa nguvu, dalili kwamba shimo bado lilikuwa likila, na eksirei zilionyesha gesi nzito imeizingira. Kwa hiyo ukiona mwanga umeshuka, tazama redio kwanza.

Kaskazi
Sawa Kusi, mabadiliko ya dakika nakuachia, hayo ni pazia. Mlipuko kuisha kwa wiki mbili siachi, huo ni upepo. Sahani haihitaji kukauka yote. Ikikatwa sehemu ya kati, ukingo wa nje hubaki umejaa, na huo ndio uliowaka Desemba. Mahesabu ya miaka ya 1980 yalionyesha kwamba upepo ukizidi ulaji mara 15 hivi, sahani yenyewe huanza kuyumba.

Kusi
Hiyo 15 utaipimaje? Kupata kiasi cha gesi inayobebwa na upepo, unazidisha uzito wa protoni, kasi, mng'ao uliogawanywa kwa kiwango cha uionishaji (jinsi gesi ilivyopokonywa elektroni), pembe ya anga inayofunikwa, kisha sehemu ya nafasi iliyojaa gesi kweli. Hiyo ya mwisho haionekani kwenye mstari wowote; watu huweka 1 kimyakimya. Upepo ukiwa wa mabongebonge, weka 0.1, na 15 yako imekuwa 1.5.

Matlai
Na makosa huenda upande wa pili pia, Kusi. Eksirei zikipanda, heliamu inapoteza elektroni zote na mstari unatoweka, upepo ungalipo. Siku hizo tafuta mistari ya chuma, kiloelektrovolti 6.70 na 6.97, kabla hujaandika kwamba upepo ni sifuri.