Pama ya pamba ukingo umelegea, naifanyaje?

Kijana wa Mbagala:
Habari za jioni wakuu. Nimeokota pama ya pamba, ile kofia ya ukingo mpana, kwenye mitumba pale soko la Karume kwa elfu tatu, rangi ya maziwa, nzuri tu. Shida ukingo umelegea, nikitembea unanilalia machoni kama sikio la mbuzi. Halafu ni kubwa, nikikaa dirishani kwenye daladala lazima niishike. Nataka upande mmoja usimame juu, na ikiwezekana rangi iwe kahawia. Cherehani sina, nina sindano na pasi. Shemeji anasema niichemshe, itarudi. Kweli?

Mzee wa Kazi:
Elfu tatu mkuu? Si ununue nyingine 😂

Mama Rukia, Tanga:
Huyo wa juu mwache. Kofia ya pamba ndiyo inayokubali kutengenezwa, mwanangu, ila soma kwanza kibandiko cha ndani. Ikiwa imechanganywa na polista, rangi itashika nusunusu.

Kuchemsha hakutakusaidia sana. Mtumba kwa kawaida umeshafuliwa huko ulikotoka, kurudi kwake kwingi kumekwisha. Tafuta lastiki nyembamba, urefu wa kidole hivi. Geuza kofia ndani nje, uone ule utepe unaogusa paji la uso. Kwa kisogoni, shona ncha moja ya lastiki juu ya utepe, ivute, ushone na ya pili. Ukiachia, kofia inajikusanya yenyewe. Ivae kabla hujakata uzi, maana ikibana utashinda na kichwa kinauma.

Rangi itangulie, ugumu ufuate. Majani ya chai yanatoa kahawia hafifu, na jua litaipausha. Afadhali rangi ya unga ya batiki, uifuate kama pakiti inavyosema. Lowesha kofia kwa maji matupu kwanza, la sivyo utapata mabaka. Nyuzi za mishono aghalabu ni polista, zitabaki nyeupe. Mimi hupenda hivyo, ile mistari inaonekana.

Ukingo, utie dondo. Unga wa muhogo kijiko kikubwa, koroga na maji baridi kidogo, kisha mimina nusu lita ya maji ya moto na upike huku unakoroga mpaka uwe uji mwepesi unaong'aa. Chuja kwa kitambaa, mabonge yakibaki yatakauka kama ukurutu. Chovya ukingo tu, ukamue, uivike kofia kwenye sufuria iliyofudikizwa. Pandisha upande unaoutaka, bana na vibanio vya nguo, anika. Ikibaki na unyevu kidogo, weka kitambaa juu upige pasi. Kofia za mkono huku Pwani tunazitia dondo hivyo hivyo.

Mvua ikikunyeshea, unaanza upya. Na usiifungie kabatini na dondo lake, mende wataitafuna.

Kijana wa Mbagala:
Shikamoo mama, asante sana. Sufuria yenyewe iwe saizi gani? Kichwa changu nimepima ni sentimita 58.

Mama Rukia, Tanga:
Marahaba. Gawanya kwa 3.14, unapata kama 18 na nusu. Hiyo ndiyo upana wa sufuria kutoka mdomo hadi mdomo. Ikiwa ndogo, izungushie taulo.

Fundi Nyuzi:
Mama kamaliza, naongeza kwa anayetaka ugumu wa kudumu. Fumua mshono wa pembeni wa ukingo, ingiza kile kitambaa kigumu chenye gundi tunachoweka kwenye kola za mashati, piga pasi kishike, ushone tena. Kisha zungusha mishono ya karibukaribu kuanzia nje hadi ndani. Kila mstari unaongeza ugumu. Kwa mkono utachoka, hiyo mpelekee fundi wa mtaani kwako. Na ule upande wa kusimama usiutegemee dondo: shona kifungo ubavuni mwa kofia na kitanzi cha uzi kwenye ukingo. Jua likiwa kali unafungua, unashuka wote.

Kijana wa Mbagala:
Kifungo nimekipenda. Kesho naanza na lastiki, rangi nasubiri mwisho wa mwezi.