Ndege anapigana na saiti mira ya gari kila asubuhi, majirani wanasema ni uchuro

Mama Wawili Soweto
Wakuu habari za saa hizi. Mi niko Moshi, Soweto, nimehamia mwaka jana kutoka Dar na nina kibustani mbele ya nyumba, bogonvila, mchaichai, mpapai mmoja na aloevera zimejiotea tu mpaka zinatoa maua. Sasa kuna kandege kadogo kuliko hata kidole gumba, kanang'aa kijani na bluu kama mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye maji, mdomo umepinda kama sindano ya magunia. Kila siku saa kumi na mbili na nusu kanakuja kwenye saiti mira ya gari kanaanza kugonga, kanagonga wee, kanapumzika juu ya waipa, kanaanza tena, na kioo chote kimejaa mavi. Jirani yangu kaja jana kaniambia mama huo ni uchuro, ndege hagongi kioo cha mtu bure, kuna mtu anakutafuta. Mi siamini sana haya mambo lakini na kusikia nimesikia, na usiku nikakumbuka.

La pili, tangu joto lianze huu mwezi wa kumi natoka kutembea alfajiri kabla jua halijapanda, siku nikijisikia vizuri nafika mpaka Shanty Town kuangalia ile mijakaranda, barabara yote zambarau chini na juu. Nafurahi mno yaani. Ila kila nikikutana na mtu ananiuliza unaenda wapi? Nikisema natembea tu ananiangalia kwa huruma, mmoja akauliza kama gari nimeuza, mwingine akasema pole, sukari imepanda kiasi gani?? Hivi kwani huku mtu hatembei tu akaangalia miti? Au ni mimi mwenye shida?

Ngarenaro Original
Uchuro upo mama, huyo ndege ni afisa wa mkopo kajibadilisha 😂😂

Mzee wa Uru
Wewe kijana acha utani, mama kauliza swali zuri.

Mama, huyo anaitwa chozi. Hana uchuro wowote. Ni dume, na saivi mvua za vuli zinakaribia ndo wakati wao wa kuzaliana, sasa dume anakuwa na mipaka yake, hataki dume mwingine akanyage hapo. Akijiona kwenye kioo anadhani kaingiliwa shambani, anapigana, na yule wa kwenye kioo naye hakimbii si ndio, kila akipigwa anarudisha, basi ugomvi hauishi. Valisha saiti mira soksi kuukuu au mfuko jioni ukishapaki, utaona ameacha. Halafu tazama vizuri hiyo bogonvila, kwenye vijiti vya pembeni huko kuna uwezekano ukakuta kama kamfuko kachafu kananing'inia, ungedhani takataka zimepeperushwa na upepo. Hicho ni kiota. Mara nyingi jike ndo anajenga mwenyewe, anashona majani makavu na nyuzi za buibui. Kwa hiyo buibui za hapo usizifagie zote. Na hizo aloevera ndo zimemleta, anafuata maji matamu ya kwenye maua.

Hilo la kutembea nimecheka. Sisi wazee wa huku hatukufundishwa kutembea bila sababu, ukitoka una jembe au una majani ya ng'ombe kichwani. Nakupa dawa: beba kidumu. Kidumu kitupu cha lita tatu tu, hakuna atakayekuuliza unaenda wapi tena.

Na mlima je, unauangalia? Ukitoka saa kumi na mbili unaukuta umefunguka, Kibo iko wazi na Mawenzi kulia kwake, ikifika saa tatu nne hivi umeshajifunika. Ni jua hilo, likipiga msitu wa huku juu hewa yenye unyevu inapanda inageuka mawingu. Ndo mana wanaotoka saa nne wanasema Kilimanjaro haionekani.

Mama Wawili Soweto
Shikamoo mzee, asante sana. Chozi! Jina zuri na kenyewe kagomvi hivyo. Mlima nauona, kuna siku ilikuwa pinki kabisa juu nikasimama katikati ya njia bodaboda akanipigia honi. Hivi na wale ndege wakubwa weusi wanaopita juu kelele kama watoto wanalia, mabawa yanavuma kama kuna mtu anakung'uta mkeka, pua ina kitu juu kama kofia?

Mzee wa Uru
Marahaba. Hao ni hondohondo. Huku Uru wanashinda kwenye miti mikubwa, ukiona mringaringa au mkuyu una matunda ujue wako njiani. Huyu ndege mimi namheshimu. Jike likitaka kutaga linaingia kwenye tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo unabaki upenyo wa mdomo tu, na dume ndo linaleta chakula miezi yote hiyo, linameza matunda kooni kisha linatapika moja moja linapitisha kwenye kale kaupenyo. Likifa dume, wa ndani wana njaa. Mke wangu kila tukiwasikia ananiuliza, wewe ungeweza?

Ngarenaro Original
Na jibu lako mzee ni lipi 😂

Mzee wa Uru
Nina vidumu viwili nje, nipo safarini.

Dada Tengeru
Nimefika kwa kuchelewa ila naomba niongeze. Mleta uzi siku ukija Arusha pitia ziwa Duluti hapa Tengeru, ni shimo la volkano limejaa maji, kuna njia ya msituni inazunguka, asubuhi unakuta mdiria anapiga mbizi, furukombe analia juu ya mti na kenge kajianika kama gogo. Kiingilio kipo. Mi lakini starehe yangu kubwa ni uani kwangu, nina vinyonga. Huku upande wa Meru wapo wale dume lina pembe tatu puani, linatembea kama mzee anayetafuta miwani, na jike halitagi, linazaa vitoto vyake vikiwa hai, vidogo kama njiti ya kiberiti. Shida ni watoto wa mtaani wanawapiga mawe, wanasema wana sumu. Kinyonga hana sumu jamani!! Nilimshika mmoja mbele yao wakakimbia wote, sasaivi naitwa mchawi mtaa mzima, mama wewe na uchuro wako wa ndege bado uko pazuri.

Kamanda Pasua
Yote sawa ila mama saa kumi na moja na nusu giza giza usitembee na simu mkononi kwa ajili ya kupiga picha mijakaranda. Vibaka nao wanapenda asubuhi. Na fimbo kwa ajili ya mbwa.
Afu wale mbayuwayu wanaozunguka juu ya uwanja saivi wametoka Ulaya, wanakimbia baridi, mwezi wa nne wanaondoka. Nilikuwa sijui, mwanangu ndo kaniambia katoka nayo shule, toka hapo nikiwaona nasema karibuni wazungu.

Mama Wawili Soweto
Nimerudi na mrejesho. Soksi imefanya kazi, gari halina mavi siku ya nne leo. Chozi kahamia kwenye kioo cha bodaboda anayepaki getini, jamaa ananidai mia tano ya kuosha kila siku eti ndege ni wangu. Kiota nimekiona!! Kiko kwenye bogonvila kabisa karibu na kamba ya nguo, nimekipita mwaka mzima nikidhani uchafu, na juzi nilitaka kukiondoa nisafishe. Mvua ya kwanza imepiga jana jioni, kumbikumbi wakajaa kwenye taa, watoto wameweka beseni la maji wamekusanya wa kukaanga, na leo asubuhi mbawa zimetapakaa kibarazani kote.

Kuhusu kidumu mzee wangu, nimekibeba siku tatu na kweli hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Ila leo wamama wawili wamenisimamisha kuuliza lita moja ya maziwa nauza shilingi ngapi, na mmoja kaweka oda.