Nakshi za milango hazitoki kwenye HP5 Plus: nizidishe dakika za dawa?

Binti wa Shangani
Habari zenu wakuu. Napiga picha milango ya Mji Mkongwe kwa HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe, kasi ya filamu (ISO) kwenye kamera nimeiweka 400. Saa nne asubuhi jua linawaka kwenye ukuta wa chokaa, mlango uko kivulini. Nasafisha kwa dawa ya ID-11 isiyoongezwa maji, dakika saba na nusu, nyuzi 20 kwa msaada wa barafu. Ukuta unatoka vizuri, lakini nikiinua negativu dirishani, penye mlango pako wazi kama kioo. Misumari ya shaba inaonekana, nakshi hakuna. Fundi mmoja kaniambia nizidishe dakika. Itasaidia?

Mzee wa Taa Nyekundu
Hapana mwanangu, usizidishe. Kivuli kinaamuliwa shata inapofunguka. Pale ambapo mwanga haukuigusa fedha ya filamu vya kutosha, dawa haina cha kugeuza. Dakika za ziada zitaukoleza ukuta tu, mlango utabaki vilevile.

Hata hiyo 400 imepimwa kwa kivuli: ni mwanga mdogo unaoacha weusi wa 0.10 tu (kipimo cha ukolezi wa negativu) juu ya filamu isiyopigwa. Hapo ni ukingoni kabisa, na nakshi zinahitaji zaidi. Zamani kipimo cha Marekani cha kasi ya filamu kilikuwa na akiba ya mwanga. Mwaka 1960 akiba ikaondolewa, na filamu ya Tri-X ileile iliyoandikwa 200 ikawa 400. Kwa hiyo wazee wanaoweka nusu ya namba ya kwenye boksi wanajirudishia akiba yao, na mimi naona wana haki.

Weka 200. Pima mbao yenyewe kivulini, kisha punguza stopu mbili (kila stopu hukata mwanga nusu), maana mita ya mwanga hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Ikikupa shata ya 1/30 kwa tundu la f/4, piga 1/125 kwa f/4 hiyohiyo. Ukuta sasa utapata mwanga mwingi, basi huo ndio wa kuubana kwenye dawa: changanya ID-11 nusu kwa nusu na maji. Muda wake wa kawaida ni dakika 13. Wewe anza na kumi na nusu.

Kijana wa Ngamiani
Mbona dawa ya Microphen inaongeza kasi ya filamu? Mimi naitumia.

Mzee wa Taa Nyekundu
Inaongeza kweli, ila haifiki stopu nzima. Kwa uchochoro ule haitoshi.

Binti wa Shangani
Shikamoo mzee, nashukuru sana. Mita niliyonayo ni ya ndani ya kamera tu, na ikiona ukuta inapotea.

Mzee wa Taa Nyekundu
Marahaba. Sogea mpaka mbao ijae kwenye kioo cha kutazamia cha kamera, soma, funga vipimo kwa mkono, halafu rudi nyuma upige. Angalia mwili wako usiuzibie mlango mwanga. Na usisimame juani na nguo nyeupe: hurudisha mwanga kwenye mbao, ukirudi nyuma haupo tena.