Tupeane uzoefu: vitu vya ndani unavyoviacha, unauza au unagawa?

Mwananzengo (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Barua ya uhamisho imetoka, mwezi ujao natakiwa niwe nimeripoti Dodoma. Nyumba niliyopata kule ni ya vyumba viwili, na hapa Tabata nina vitu vya nyumba ya vyumba vinne: seti ya sofa ya mninga niliyotengenezesha Keko kabla sijaoa, kabati la vyombo lenye vioo, friji ya milango miwili, TV chogo, magodoro, na makorokoro ya stoo ambayo sijui hata yalifikaje. Dar mpaka Dodoma ni zaidi ya kilomita 450, na mwenye fuso anapiga hesabu ya safari, haangalii kama kabati ni la urithi.

Mke wangu anasema tuuze tupate hela ya kuanzia. Mama anasema mtu akiuza vitu vya ndani majirani wanajua kafilisika. Shemeji ameshajiandikisha kwenye friji bila kuulizwa. Tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, najua humu wapo wengi waliopitia hii shughuli. Nini uliuza, nini uligawa, kwa nani, na ikawaje?

Mama wa Kimara

Sisi tulipohama tulipiga picha kila kitu tukatupia kwenye magrupu ya WhatsApp. Kosa la wengi ni kuandika "bei maelewano". Ukishaandika hivyo, mtu anaanzia nusu ya nusu, halafu anakuuliza na usafiri ni juu ya nani. Andika bei, andika mtaa, pandisha kidogo ili ukishusha naye ajione mjanja.

Meza ya chakula iliondoka siku ile ile. Kapeti na mapazia vilisumbua, maana kila mtu ana rangi yake. Magodoro hayakupata mtu kabisa. Watu wanaogopa kunguni, na siwalaumu.

Ila ninachotaka kusema hasa ni cha dada wa kazi. Alikuwa nasi miaka, anaondoka kurudi kwao Handeni. Nikamfungashia nguo zangu, viatu, na shuka mbili, mfuko mzima. Akashukuru, akakaa kimya, kisha akauliza, "Mama, na cherehani kile nani anakichukua?" Kilikuwa cha mguu, kipo kwenye korido kimefunikwa kanga, juu yake tunawekea madaftari ya watoto. Nilikuwa nimeshakipangia bei, na mteja alikuwa anakuja Jumamosi. Nikampigia mteja nikamwambia kimepata mwenyewe. Sasa hivi anashona sare za shule huko kwao, na nguo nilizompa sina hakika kama aliwahi kuzivaa. Kwa hiyo mkuu, kabla hujamfungashia mtu mfuko, muulize anataka nini. Sisi huwa tunagawa tulichochoka nacho.

Fundi Baridi

Nizungumzie friji tu maana ndiyo kazi yangu.

Friji inayogandisha, uza. Iwashe tangu jana yake, mteja akifungua juu akute barafu, hapo maneno yanapungua. Isiyogandisha usimpe mtu ukajiita umetoa msaada. Umempa bili ya fundi. Angalia kibandiko nyuma, karibu na kompresa. Kama imeandikwa R12, hiyo ni ya zamani sana. Gesi yake iliondolewa sokoni kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni, na kuibadilisha itumie gesi nyingine ni kazi yenye gharama. R134a na R600a mafundi tunazihudumia kila siku, ila R600a inashika moto, asiiguse fundi wa kubahatisha.

Ya R12 iliyokufa, mwite fundi aje aione kwanza, wengine tunachukua vipuri. Wa vyuma chakavu watakupimia kwa kilo na watakata mabomba hapo hapo mlangoni kwako, gesi iende hewani. Mimi sikushauri.

Na yeyote atakayeichukua mwambie aisafirishe imesimama. Ikilazwa, oili ya kompresa inakimbilia kwenye mabomba. Akifika aiache isimame masaa kadhaa ndipo aiwashe. Friji nyingi zinazosemwa "aliniuzia mbovu" zilikufa kwenye bajaji ya mizigo.

Mjomba Makini

Uza kwa mtu baki, au mpe ndugu bure. Usimuuzie ndugu kwa mkopo. Binamu yangu alichukua sofa kwa "nitakumalizia mwisho wa mwezi". Sofa zipo kwake, watoto wamezichora kalamu, na kila tukikutana msibani anakaa turubai la upande wa pili. Ningempa bure tangu mwanzo angekuwa ananisifu mpaka leo.

Mwana wa Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Naongeza upande ambao watu huupita haraka: vitu vya marehemu. Alipofariki baba yetu, eda ya mama haijaisha, watu wazuri tu wa mtaani wakaanza kusema toeni nguo zake sadaka, toeni na kitanda, mzee apate thawabu. Nia njema, lakini vile vitu wakati ule si vya mtu mmoja kuvitoa. Kwanza mazishi na madeni, kisha wasia kama upo, usiozidi theluthi, kinachobaki ni cha warithi. Warithi watu wazima wakikubaliana kutoa mafungu yao, sawa. Mtoto ambaye hajabaleghe hana uwezo wa kusamehe fungu lake, hata kama kitu chenyewe ni saa ya ukutani.

Tulimwita mtu akathamini vyote, hata majamvi. Kitanda cha samadari alikichukua dada yetu kwa kukatwa kwenye fungu lake. Kanzu ndugu wakubwa tulizihesabu kwenye mafungu yetu sisi, ndipo tukazigawa kwa wazee wa msikitini. Ilichukua muda, na wapo waliotuona wachoyo.

Ama mali yako mwenyewe uliye hai, hapo pana uwanja mpana. Qur'ani inasema hamtaufikia wema mpaka mtoe katika mnavyovipenda. Sasa ile TV chogo, mkuu, unaipenda?

Mwananzengo

Hahaa, Mji Mkongwe umenikamata. TV siipendi. Inawaka lakini.

Mkazi wa Umoja

Mimi niko Nairobi. Huku kuuza vitu mtandaoni ni rahisi, kulipwa ndiyo kazi. Jamaa alikuja kuchukua kochi na mkokoteni kabisa, akanionyesha kwenye simu yake kwamba ametuma, na kwangu ujumbe ukaingia. Nilipoangalia salio, hakuna kitu. Ujumbe ulitoka kwa namba ya kawaida, umeandikwa ufanane na ule halisi. Kochi lilikuwa limeshafika getini. Sasa kanuni yangu ni moja: sisomi ujumbe, nasoma salio, na mzigo hautoki mpaka nimelisoma.

Pia usikaribishe mtu asiyejulikana ndani ukiwa peke yako. Toa kitu kwenye veranda, akione pale.

Mtu wa Kituo

Nafanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto, mkoa sitautaja. Naombeni mnisikilize kwa upole.

Ramadhani na Krismasi tunapokea nguo mpaka stoo haifungiki. Zipo zilizofuliwa na kukunjwa, Mungu awabariki. Zipo pia zenye zipu zilizokufa, viatu vya mguu mmoja, midoli isiyo na vichwa. Kuchambua ni kazi ya siku nzima, na visivyofaa tunavichoma sisi. Miezi mingine yote hakuna anayebisha hodi.

Kinachotupungukia ni sabuni, mchele, taulo za kike, madaftari, na magodoro, kwa sababu watoto wadogo wanakojoa na godoro halidumu. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, sofa za mninga usituletee. Hatuna sebule. Ziuze, na sehemu ya hela njoo nayo kama sabuni na mchele. Godoro lililotunzwa, lililokuwa na plastiki yake, lete hata kesho. Na kabla ya kupeleka popote, ulizia usajili. Vituo vinatakiwa kuwa na leseni ya Ustawi wa Jamii kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009. Piga simu kwanza, usishushe mzigo getini ukaondoka.

Mbeba Maboksi

Niko Uingereza, na huku nilishangaa kukataliwa sofa. Nilidhani duka la hisani watanibusu mikono. Kijana akaipindua, akatafuta lebo ya usalama wa moto chini ya mto, haipo, akasema pole. Kuna kanuni za tangu 1988 kuhusu fanicha na moto, na bila ile lebo hawaigusi. Halmashauri ilikuja kuichukua, kwa malipo yangu mimi.

Vitu vidogo vya umeme naviweka kwenye kontena la watu wanaotuma nyumbani. Vya huku havina shida, umeme unaelewana na wa Tanzania na plagi ni ile ile ya pini tatu. Mwenye ndugu Marekani awe mwangalifu, kule ni volti 120. Blenda ya shangazi yangu ilitoka Houston ikasaga nyanya moja tu Mbagala.

Mwananzengo

Asanteni sana, nimeonyesha familia nzima. Friji tunauza, na shemeji ameambiwa bei, sasa hivi anasema kwake hakuna nafasi. Sofa zinauzwa pia. Magodoro mawili yenye plastiki yanaenda kituoni, nimeshapiga simu. TV chogo ameiomba mlinzi. Nikamkumbusha kwamba hapa Dar mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, bila king'amuzi ataangalia chengachenga. Akasema king'amuzi anacho, kilikuwa kinasubiri TV.

Kabati la vyombo mama amelikalia, halijaamuliwa.

Mjomba Makini

Usipakie usiku mkuu. Na hata mchana chukua barua ya serikali ya mtaa yenye orodha ya vitu, polisi wakisimamisha fuso barabarani isiwe stori. Anayenunua friji mwandikie karatasi, jina, tarehe, bei, saini zenu na shahidi mmoja, na umpe risiti ya dukani kama bado unayo. Wanunuzi wa vitu used siku hizi wanaogopa mali ya wizi, mwenye karatasi anauza haraka.

Mama wa Kimara

Sofa bei gani, na mto wa katikati umebonyea?