Naomba ushauri: maboga ya Halloween na sherehe ya watoto

Habari zenu wadau. Tunaishi Columbus, Ohio, na wanangu wamealika wenzao wa darasani tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween, watoto wanapovaa mavazi ya kutisha na kupewa pipi. Maboga mawili makubwa nimeshanunua, yako barazani. Nichonge lini ile sura ya macho na mdomo? La jirani, lililochongwa mapema, limeshaota ukungu mdomoni na kindi wanalitafuna bila aibu. Wapo wanaosema ulipake mafuta ya mgando kwenye makato, wengine ulioshe kwa maji yenye siki. Kipi kinasaidia kweli? Mshumaa ndani sitaki, watoto watavaa mashuka ya mizimu. Nitaweka taa ya betri. Mbegu nitazikaanga kwa chumvi, hizo hazina mjadala. Ila nyama ya maboga haya ina majimaji mno, haifai kwa futari. Mnaifanyia nini? Na wageni, ukiacha pipi, sambusa za nyama watakula?